Turbo kwa Gari Dogo la Ufipa: Ipimwe Mtowisa, Si Sumbawanga

Anayetaka kufunga turbo kwenye IST au Vitz yake hapa Ufipa huanza kwa kuuliza farasi wangapi wataongezeka. Aulize kwanza habari ya hewa. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo presha ya hewa ni kama paundi 11.8 kwa inchi ya mraba, wakati Tanga au Dar es Salaam ni paundi 14.7. Injini isiyo na turbo haina namna ya kujaza silinda zaidi ya vile hewa ya nje inavyosukuma, kwa hiyo ikiwa Sumbawanga inafanya kazi kwa hewa pungufu siku zote. Baridi ya Ufipa hupunguza hasara hiyo kidogo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, lakini haiifuti. Injini ya 1NZ-FE, yenye ujazo wa cc 1,497, ambayo imejaa kwenye IST, Vitz na Probox za nchi hii, ilitoka kiwandani na farasi wapatao 109. Sumbawanga farasi hao wanabaki tisini hivi, hata injini ikiwa nzima kama siku iliyozaliwa. Turbo inayoongeza paundi 3 tu inaziba pengo hilo karibu lote. Kwa mtu wa Ufipa, basi, turbo ina kazi halali: kurudisha kilichochukuliwa na mwinuko, na ziada ndogo juu yake. Ila kipimo chake lazima kiwekwe kwa kufuata hali ya Mtowisa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kwa sababu ndiko injini hiyo itakakofia kama fundi alikosea.

Wazo la kutumia turbo kama dawa ya mwinuko ni la zamani kuliko wazo la kuitumia kwa mbio. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, na kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa cha injini kubwa za dizeli na za ndege. Mwaka 1918 Sanford Moss wa Marekani alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kwenye kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200, akaiwasha huko. Injini iliyotoa farasi 350 nchi ya chini ilitoa 230 kileleni. Alipoifungia turbo ikatoa 356. Takwimu hizo tatu zina somo lote. Turbo ya Moss haikuifanya injini kuwa nyingine, iliirudishia hewa yake, na vyuma vyake havikubeba mzigo ambao havikuundiwa. Hata kwenye magari, Afrika Mashariki iliiona turbo ikifanya kazi kwenye vumbi na joto mapema: Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda mbio za Safari nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Lakini hiyo ilikuwa timu yenye mafundi wake, spea zake na injini iliyoundwa kwa turbo tangu mwanzo, na atakayeitaja kama ushahidi kwamba turbo ya mtumba itadumu kwenye IST anachanganya mambo mawili.

Sasa tushuke. Ukitoka Sumbawanga kupitia Ntendo, barabara inateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze, kisha inafuata bonde kwenda Mtowisa, Ilemba na Kilyamatundu. Ziwa Rukwa liko takriban mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo katika safari moja fupi gari limepoteza karibu mita 1,000 za mwinuko, na aliyevaa sweta asubuhi ameshaivua. Huko chini presha ya hewa ni kama paundi 13.3. Turbo ya kawaida inajizuia kwa springi: presha ikifika kiwango fulani, kilango upande wa moshi kinafunguka na moshi unapita pembeni bila kusukuma turbo. Springi hiyo haijui jumla ya presha iliyo ndani ya manifodi. Inachokijua ni tofauti kati ya ndani na nje. Ukiifunga kwa paundi 6, itatoa paundi 6 juu ya hewa yoyote itakayoikuta. Sumbawanga utapata 11.8 na 6, jumla 17.8. Mtowisa utapata 13.3 na 6, jumla 19.3. Geji kwenye dashibodi itasoma 6 pande zote mbili, na dereva ataapa kwamba hakuna kilichobadilika. Joto nalo halikai kimya. Hewa ikigandamizwa inachemka, na turbo inaiongezea joto jingine kwa sababu hakuna turbo isiyopoteza. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 65, hewa ya nyuzi 18 ya Sumbawanga inatoka ikiwa na nyuzi 74 hivi, na hewa ya nyuzi 35 ya Mtowisa inatoka ikiwa na karibu 88.

Mwenye hesabu atapinga hapa, na ana haki. Atasema hewa ya bondeni ni ya moto, kwa hiyo ni nyepesi, na tofauti ya nguvu itakuwa ndogo. Ni kweli: ukichanganya presha na joto, hewa ya Mtowisa mchana ni nzito kuliko ya Sumbawanga kwa asilimia 7 hivi tu. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Dereva hahisi nguvu ya kumshtua, ilhali injini inapata vitu viwili vinavyoleta kugonga, yaani presha zaidi na joto zaidi. Kugonga ni mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka wenyewe kwenye kona ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlio wake ni kama kokoto zikitikiswa kwenye kopo, na kwenye injini yenye turbo dakika chache za mlio huo zinatosha kupasua kingo za pistoni au kuunguza hedi gasketi. Kisha kuna kurudi. Gari limepakia mchele, linapanda ukingo kwa gia ya kwanza au ya pili, mguu umekanyaga hadi chini, upepo wa kupoza rejeta ni haba kwa sababu mwendo ni mdogo, na mwanzo wa mlima ndiko kwenye hewa ya moto kuliko kote. Hakuna barabara ya tambarare kati ya Sumbawanga na Tunduma itakayoijaribu injini namna hiyo.

Sababu ya kuogopa kugonga iko kwenye namba moja, kompresheni. Kiwanda kinachotengeneza injini isiyo na turbo huipa kompresheni kubwa ili ibane vizuri hewa kidogo inayoivuta. 1NZ-FE ina 10.5 kwa 1. Tazama Toyota wenyewe walivyofanya kwenye Starlet. Injini ya 4E-FE isiyo na turbo ilikuwa na kompresheni ya 9.6. Ndugu yake wa turbo, 4E-FTE, aliyeingia mwaka 1989 kwa ujazo uleule wa cc 1,331, alishushwa hadi 8.2, akapewa konrodi imara zaidi na vinyunyizio vya oili chini ya pistoni ili zipoe. Akatoa farasi 135. Utasikia pia kwamba Toyota waliuza Japani Vitz RS yenye 1NZ iliyofungwa turbo na kutoa farasi 150, kwa hiyo injini hii inaweza. Inaweza, ikiandaliwa na kiwanda, ikipimwa na kiwanda, na ikinywa petroli ya daraja la juu ya Japani yenye oktani inayokaribia 100. Marekani walikuwa wamejaribu njia ya kuacha kompresheni juu tangu 1962, kwenye Oldsmobile Jetfire yenye 10.25 kwa 1. Ili isigonge, gari hilo lilikuwa na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa kwenye hewa wakati turbo inasukuma. Wateja wengi hawakulijaza tangi hilo, na gari likaondolewa sokoni baada ya muda mfupi. Kwa 1NZ-FE ambayo haijafunguliwa, basi, paundi 5 zikipimwa bondeni ndio mpaka wa mtu mwenye busara. Anayetaka zaidi aifungue injini na kubadilisha pistoni, na hapo gharama inapanda hadi akili ya kununua gari jingine inaanza kusikika.

Petroli ni jambo ambalo watu hulipita haraka, nami sitaki ulipite. Sumbawanga kuna vituo. Ukiwa vijiji vya bondeni, hasa masika barabara inapoharibika, unaweza kulazimika kununua petroli ya dumu au ya chupa. Tatizo la dumu ni kwamba hujui kilichochanganywa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeenea, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isiwe kishawishi cha kuyachanganya na mafuta ya magari. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Injini ya kawaida ikiyanywa kidogo ndani ya petroli itakohoa na kukosa nguvu. Injini yenye turbo itagonga. Kwa hiyo shuka Mtowisa ukiwa na tangi lililojaa mafuta ya kituo unachokiamini, na ukilazimika kuongeza ya dumu, endesha kwa mguu mwepesi usiifikishe turbo kwenye presha yake hadi mafuta hayo yaishe.

Kabla ya kununua hata bomba moja, ipime injini uliyonayo, maana magari mengi mazito kupanda mlima hapa kwetu hayalemewi na mwinuko. Yanalemewa na chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochoka, ekzosi iliyoziba, nozeli chafu na breki zinazobana. Rekebisha hayo kwanza. Huenda hamu ya turbo ikapungua. Yakiwa sawa, fundi apime kompresheni ya kila silinda, na hapo jihadhari na kosa moja la nyanda za juu: geji ya kompresheni inategemea hewa ya nje. Injini inayosoma paundi 200 pwani itasoma kama 160 Sumbawanga ikiwa na afya njema kabisa, kwa hiyo usikubali ishushwe kwa sababu ya namba ya kitabu. Linganisha silinda kwa silinda. Zikipishana sana, turbo isubiri. Halafu fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Ukikuta maji matupu, na fundi aliyepita alitoa themostati, hiyo si injini ya kufungiwa turbo. Maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa mwinuko wa Sumbawanga, kwa hiyo kinachokulinda ni kuleni halisi na mfuniko unaoshika presha. Rudisha themostati, badilisha mfuniko, hakikisha feni inawaka kwa wakati wake.

Kwenye turbo yenyewe, chagua ndogo. CT9 iliyotoka kwenye 4E-FTE inafaa injini ya cc 1,300 hadi 1,500, inaamka mapema na haihitaji mizunguko mikubwa ambayo mlima hautakupa. Ya mtumba ishike mhimili wake kwa vidole: kuzunguka kwa urahisi ni vizuri, kucheza kidogo sana upande kwa upande kunaruhusiwa, lakini kwenda mbele na nyuma au mabapa kugusa nyumba yake ni sababu ya kuirudisha dukani. Bomba la oili inayoingia liwe jipya. Bomba la oili inayotoka liwe pana na literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu bila tumbo lolote, kwa sababu oili hiyo hairudi kwa pampu, inarudi kwa uzito wake. Likipinda, turbo itavuja moshi wa bluu na utaambiwa imekufa kumbe ni bomba. Kipozeo cha hewa, ile intakula, usikiache hata kwa paundi 5. Sumbawanga unaweza kudanganyika kwamba hakina kazi. Ukifika Mtowisa ndicho kinga yako kubwa, na kiwekwe mbele kwenye upepo, pasipo kuziba rejeta yote. Plagi ziwe baridi kwa daraja moja kuliko za kiwandani, na nafasi yake ipunguzwe hadi milimita 0.7 au 0.8 ili cheche isizimwe na presha.

Kazi ngumu kuliko zote ni petroli na taimingi. Kontrol boksi ya kiwandani haikuandikiwa turbo, na presha ikizidi hewa ya nje haina ramani ya kufuata. Kuna wanaoidanganya kwa kuongeza presha ya pampu ya mafuta. Njia hiyo ina bahati nasibu nyingi mno kwa injini ya 10.5. Tafuta kompyuta inayoweza kuandikwa upya au ya nyongeza, nozeli kubwa kidogo, pampu inayozitosha, na geji ya kupima mchanganyiko kwenye ekzosi. Injini ikitembea taratibu, mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Turbo ikisukuma unatakiwa kuwa kati ya 11.5 na 12. Ukiona 13 na kuendelea wakati presha ipo, toa mguu papo hapo. Taimingi irudishwe nyuma kadiri presha inavyopanda, na fundi aache akiba kwa ajili ya siku ya joto na mafuta mabaya. Kama hujapata fundi wa kazi hii Sumbawanga au Mbeya, vifaa vikae stoo. Turbo iliyofungwa vizuri lakini ikaachiwa kontrol boksi isiyojua lolote ni hatari kuliko turbo iliyofungwa vibaya, kwa kuwa hiyo mbaya angalau inavuja na kukuonya.

Kuna vifeni vya umeme vinavyouzwa kama turbo, vya kuchomeka kwenye bomba la hewa. Hesabu yake ni fupi: kuisukumia injini ya cc 1,500 paundi 3 kwenye mizunguko 5,000 kunahitaji wati 1,500 hivi, yaani zaidi ya ampea 100 kwa umeme wa volti 12. Alteneta ya gari dogo haina uwezo huo, na waya wa kifeni hicho ni mwembamba kama wa redio. Pita.

Wapo watakaosema ni heri kununua gari lenye injini kubwa au dizeli. Kwa anayebeba mizigo ya watu kati ya Mtowisa na Sumbawanga kila wiki, wana haki kabisa, na sitabishana nao: giaboksi ya otomatiki ya gari dogo haikuundwa kwa kazi hiyo, na turbo itaiongezea joto juu ya joto. Turbo ya paundi 5 inamfaa mwenye gari lake la nyumbani, analojua historia yake, anayepanda ukingo mara chache na aliyechoka kuona malori yakimpita. Hata huyo aanze na breki. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 1,000 linaachia nishati ya kutosha kuchemsha kama lita 35 za maji, na sehemu ambayo injini haikuishika kwa gia ndogo inaingia kwenye diski na ngoma za breki. Weka pedi nzuri, badilisha mafuta ya breki, shuka kwa gia uliyopandia. Ieleze pia kampuni yako ya bima badiliko ulilofanya, na ukibadilisha injini nzima, namba mpya iende TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ya gari ilingane na kilicho ndani ya boneti. Uzembe hapo huonekana siku ya ajali.

Oili nayo ibadilishwe kila kilomita 3,000, chujio la hewa likaguliwe kila unaporudi bondeni wakati wa kiangazi, na ukifika juu baada ya kupanda usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili ili oili ipoze mhimili wa turbo.

Kilichobaki ni kipimo. Usimruhusu fundi amalize kazi kwenye barabara za mjini, asubuhi yenye ubaridi, akakukabidhi ufunguo. Mshushe Mtowisa na kompyuta yake, gari likiwa na watu wanne na mzigo, muanze kupandisha ukingo saa nane mchana, yeye akisoma mchanganyiko na taimingi na kusikiliza kama inagonga. Apunguze presha na taimingi hadi gari lifike juu bila mlio na bila geji ya joto kupanda, kisha hiyo ndiyo iwe setingi ya kudumu, hata kama Sumbawanga gari litakuwa na nguvu pungufu kuliko ulivyotarajia. Fundi akikataa kushuka bondeni kwa ajili ya kipimo hicho, usimlipe, tafuta mwingine.